Mtoro bin Mwinyi Bakari: mwandishi wa Bagamoyo aliyewekwa kwenye rafu isiyo yake

Mleta uzi

Waungwana wa jukwaa hili, habari zenu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika maktaba ya chuo kimoja kutafuta Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Göttingen mwaka 1903. Nilianzia kwenye rafu za fasihi ya Kiswahili, nikapita kwenye tenzi, nikapita kwenye riwaya, nikakikosa. Mkutubi alivuta droo ya kadi za zamani, akachomoa moja iliyopauka na kunionyesha kwa kidole: mwandishi ni Velten, C.; mada ni mila za makabila. Kitabu kilikuwa ghorofa nyingine kabisa, katika vitabu vya anthropolojia. Nilikisoma siku ile nikiwa nimeketi sakafuni, kwa kuwa ghorofa hiyo haikuwa na viti, na tangu hapo swali la rafu limenikaa kichwani kuliko hata yaliyomo kitabuni.

Carl Velten alikuwa mkalimani wa gavana wa Kijerumani katika Afrika Mashariki kabla ya kurudi Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887. Wanafunzi wa hapo walikuwa maofisa, wamishonari na wafanyabiashara waliokuwa wakijiandaa kuja huku kwetu, na Velten alihitaji matini ya kuwasomeshea. Aliyapata kwa watu wa pwani wenyewe. Mkuu kati yao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869, akasoma na kusomesha Kurani, akaijua biashara ya bara, kisha mwaka 1900 akaenda Berlin kuwa msaidizi wa kufundisha lugha yake. Sehemu kubwa ya kitabu kile ni kazi ya mkono wake: mimba na uzazi, jando na unyago, posa na harusi, ngoma, pepo na waganga, utumwa, misafara, maziko, mpaka desturi za sheria. Hata hivyo, jina lililokaa kwenye jalada ni la Velten.

Miaka miwili kabla ya hapo, yaani 1901, Velten alikuwa ametoa kitabu kingine, Safari za Wasuaheli, ambamo Mtoro anasimulia safari yake ya Udoe na Uzigua, nchi zilizo nyuma ya pwani ya Bagamoyo, Selemani bin Mwenye Chande anasimulia msafara wa kwenda bara, na Salim bin Abakari anasimulia safari aliyoifanya mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Theodor Bumiller, ofisa wa Kijerumani, kutoka Berlin kupitia Urusi mpaka Siberia. Naomba msomaji atulie kidogo hapa. Wakati ambapo Wazungu walikuwa wakituandika kwa mamia ya kurasa, kulikuwa na mtu wa pwani yetu aliyepanda treni na magari ya farasi kuvuka Urusi, akatazama nyumba za watu, vyakula vyao, mavazi yao na namna wanavyoabudu, akayaandika yote kwa Kiswahili kama mtu anayewaeleza jamaa zake barazani. Leo mwanafunzi wa anthropolojia angeiita hiyo kazi ya uwandani.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ndani ya matini haya ulimwengu mzima umo tayari, kabla matini yenyewe hayajatoka Bagamoyo. Mzigo wa pagazi ndio ushahidi. Merikani, shuka ngumu nyeupe iliyolipia kila kitu kuanzia chakula hadi pembe za ndovu, ilipewa jina hilo kwa sababu ililetwa na merikebu za Salem, Massachusetts. Kaniki ilitoka India. Ushanga mwingi ulitoka Venezia. Mtu wa bara aliyekataa rangi fulani ya ushanga kwa kuwa imepitwa na wakati alikuwa akimtia hasara mfanyabiashara wa Unguja, na hasara hiyo ilifika mpaka karakana za Italia. Kwa hiyo tunapozungumzia fasihi ya Kiafrika na mahusiano yake na dunia, tusianzie siku mwandishi wetu alipotafsiriwa Ulaya.

Kuna jambo lingine ambalo msomaji wa leo analiona kwa kukwaa maneno mawili. La kwanza ni hongo. Katika simulizi za misafara, hongo ni ada ambayo msafara ulimlipa mtawala wa nchi ili upite, ni jambo la wazi lenye majadiliano, vikao na kiwango kilichobishaniwa doti kwa doti. Anayesoma hongo kwa maana ya leo atadhani machifu wote wa njia ya kati walikuwa wala rushwa, ilhali walikuwa wakitoza ushuru katika nchi zao. La pili ni mjinga. Kwenye sehemu ya utumwa, mjinga ni mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha wala adabu za pwani, na aliyezaliwa pwani huitwa mzalia. Neno tunalowatupia watoto wetu wakikosea hesabu lilikuwa jina la daraja katika soko la watu. Nilipogundua hilo niliacha kulitumia nyumbani kwa muda, ingawa nakiri nimerudia.

Swali langu ni hili: Mtoro, Selemani na Salim ni waandishi, au ni wale ambao wataalamu wa anthropolojia huwaita watoa habari? Huko British Columbia, Kanada, karibu miaka ileile, mwanaanthropolojia Franz Boas alikuwa akipokea maelfu ya kurasa kutoka kwa George Hunt, mtu aliyelelewa Fort Rupert katikati ya Wakwakiutl, wenyeji wa asili wa huko, na matini yao yalipochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 jina la Hunt liliwekwa pamoja na la Boas. Kwa hiyo jambo hilo liliwezekana hata wakati ule. Mimi nasema Mtoro ni mwandishi, na kumweka katika rafu ya mila ni uamuzi ambao mtu fulani aliufanya, nasi tukaurithi bila kuuhoji.

Mchunga Kalamu

Ndugu mleta uzi, hongera kwa mada nzito, lakini niruhusu nikupinge kwa adabu. Mwandishi ni mtu anayechagua jambo la kuandika. Mtoro aliandika alichoombwa. Ukiutazama mpangilio wa kitabu, kuanzia mimba na uzazi hadi sheria, utauona mkono wa mwalimu wa Kijerumani mwenye orodha yake ya maswali mezani, wala si mpango wa msimulizi wa Mrima ambaye angeanza na nasaba, au na dua, au na kisa. Tena waliokusudiwa kukisoma si watu wa Bagamoyo. Kilikusudiwa afisa ambaye kesho yake angeketi barazani kuhukumu kesi ya mirathi na kutoza kodi. Hata sehemu ya sheria haikuwekwa kwa pambo. Ukiita hiyo fasihi, utatakiwa pia uite fasihi majibu ya kila mtu aliyewahi kuhojiwa na mtafiti. Jina kwenye jalada ni dhuluma, nakubali, lakini dhuluma haigeuzi ripoti kuwa sanaa.

Mleta uzi

Mwalimu, hoja yako ya mpangilio naikubali, na naongeza kwamba hata herufi zilibadilishwa. Wengi wa watu hawa walizoea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kitabu kikatoka kwa herufi za Kirumi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kisha Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900.

Ila kuandika kwa kuombwa hakujawahi kumvua mtu uandishi katika lugha yetu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinakili na kutunga tenzi kwa maagizo ya Wazungu waliomlipa, na hakuna mhakiki anayethubutu kumtoa katika fasihi kwa sababu hiyo. Mwenye kutunga utenzi kwa kuombwa na binti mfalme, na mwenye kutunga kwa kuombwa na mwalimu wa Berlin, wote wana mwenye shughuli. Kinachobaki ni kutazama mtungaji alifanya nini ndani ya ombi lile.

Soma basi sehemu za posa na harusi. Mtoro angeweza kuandika kwamba kwanza hufanyika hiki, kisha kile, halafu mahari hulipwa. Mara nyingi hafanyi hivyo. Anawaweka watu wakizungumza, huyu anauliza kwa mafumbo na yule anajibu kwa kuchelewa, na msomaji anaelewa heshima, ujanja na wasiwasi wa wazazi bila kuambiwa. Nyimbo za ngoma anaziweka kama zilivyoimbwa. Afisa wa Kijerumani hakuhitaji vichekesho vile ili atoze kodi. Mtu hucheka kwa ajili ya mtu anayeujua mzaha, nami naamini Mtoro alipokuwa akiandika katika baridi ya Berlin alikuwa na baraza lingine masikioni mwake.

Na tusimsome kana kwamba maisha yake yalikuwa meupe. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata akapoteza kazi baada ya wanafunzi kumfanyia ufedhuli darasani. Alipanga kurudi nyumbani na mkewe. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki, serikali ya kikoloni ilimkataza mke asishuke, na wakarudishwa Ujerumani. Mtu aliyewaeleza Wajerumani desturi za ndoa za pwani, kwa ufasaha ambao hawakuwahi kuupata kwingine, alizuiwa kuishi ndoa yake mwenyewe katika pwani hiyohiyo. Aliandika barua za kudai haki yake, baadaye akafanya kazi Hamburg kwa Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, na akafariki Berlin mwaka 1927. Ludger Wimmelbücker ameyaandika maisha haya kwa kirefu katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2009.

Binti Shangani

Samahani kuingilia kati wakubwa. Nimeisoma Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, na niliposoma hapa habari za safari ya Urusi nikashtuka, kwa sababu kule pia wahusika wanasimuliana habari za nchi ya Warusi ambako jua linachelewa kuzama. Je, ni bahati tu? Na kama amechukua, je, huo si wizi wa kazi za watu?

Mleta uzi

Dada yangu, swali lako ndilo nililotamani liulizwe.

Si bahati. Wahakiki wameonyesha kwamba Gurnah, katika riwaya aliyoitoa London mwaka 1994, alitumia simulizi za Safari za Wasuaheli: safari ya Salim, na hasa msafara wa Selemani bin Mwenye Chande, ambao mali yake inanyang'anywa na mtawala wa bara kabla Mzungu hajatokea na kugeuza mambo yote. Katika riwaya mtawala huyo anaitwa Chatu, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa, kwa maana anaona mnyama mwenyewe akijiviringisha.

Hebu tuifuate njia ya maneno haya hatua kwa hatua. Watu wa pwani wanaandika kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1890. Velten anachapisha Göttingen mwaka 1901, kwa ajili ya darasa. Mwaka 1965 Lyndon Harries anayatoa tena matini hayo kwa Kiswahili na Kiingereza, safari hii yakiitwa nathari, na neno hilo moja linayasogeza kidogo kuelekea rafu ya fasihi. Mwaka 1994 mzaliwa wa Unguja anayeishi Uingereza anayafanya kuwa riwaya ya Kiingereza. Mwaka 2021 anatunukiwa Nobeli. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis anaitafsiri riwaya hiyo, na mchapishaji yuleyule wa Dar es Salaam aliyechapisha maisha ya Mtoro anaitoa kwa jina la Peponi. Kwa maneno mengine, katika Peponi ulisoma Kiswahili kilichotoka Kiingereza kilichotoka Kiswahili, na kimezunguka zaidi ya miaka 120 kabla ya kukufikia.

Kuhusu wizi, sikubaliani. Katika ushairi wetu, anayelitwaa shairi la mwenzake akalijibu kwa vina vilevile hajaiba, ameitikia. Alichofanya Gurnah ni kumrudishia msafiri yale ambayo muundo wa kitabu cha darasani ulimnyima. Katika simulizi ya Selemani tunaona mizigo, njia, hongo na vita, lakini hatuoni kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake akilala macho usiku. Katika riwaya kijana huyo, Yusuf, ndiye jicho tunalotazamia. Velten aliyasoma matini haya kama mfano wa lugha, wataalamu wa anthropolojia wakayasoma kama ushahidi wa mila, na ilibidi aje mwandishi ndipo yasomwe kama maandishi ya waandishi wenzake. Kwangu mimi hiyo ni hoja kubwa kuliko zote nilizompa Mwalimu Mchunga Kalamu hapo juu.

Msomaji wa Usiku

Kwa faida ya wasiojua, kiti cha Mtoro kilikaliwa baadaye na Mtanganyika mwingine. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, alitumika akiwa mtoto katika jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake wakati wa Vita vya Kwanza, akaenda Ujerumani mwaka 1929 akidai mishahara iliyokuwa haijalipwa, akawa mhudumu wa meza, mwigizaji wa filamu na msaidizi wa kufundisha Kiswahili Berlin. Alikamatwa mwaka 1941 kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Anayemjua Ilyas, mhusika katika riwaya ya Gurnah ya mwaka 2020 ambaye maisha yake yanafanana na haya, atajua nasema nini.

Mchunga Kalamu

Nimesoma majibu. Bado nashikilia kwamba mpangilio wa kitabu cha 1903 si wa Mtoro, lakini hoja ya kuitikia imenigusa. Nikumbushe tu kwamba wapo Waafrika waliosoma taaluma hiyo wakaigeuza. Jomo Kenyatta alikaa darasani kwa Malinowski, mwanaanthropolojia mashuhuri wa London, na mwaka 1938 akatoa kitabu juu ya Wagikuyu kwa jina lake mwenyewe, Malinowski akimwandikia dibaji. Okot p'Bitek aliisoma anthropolojia Oxford, akaja kuishambulia kwa ukali, na ni yeye huyohuyo aliyetunga wimbo wa Lawino kwa Kiacholi. Mtoro hakupata mlango wa aina hiyo.

Mjukuu wa Miono

Mleta uzi umetusalimu "waungwana", na neno hilo ndilo limenifanya niandike, maana katika kitabu unachokisifu kuna waungwana na kuna washenzi, na sisi tumo kwenye fungu la pili.

Bibi yangu mzaa mama ni Mdoe. Nimesoma safari ya Mtoro ya Udoe. Ni kweli anaandika vizuri, na ni kweli kwamba Mjerumani alimnyang'anya jalada, lakini alipofika kwetu alifanya yaleyale ambayo mnamlaumu Velten kuyafanya. Alikuja na macho ya mtu wa Bagamoyo, akauliza, akaandika mila za watu, akaondoka, na hakuna jina la Mdoe hata mmoja kwenye jalada. Watu wa pwani walitupakazia miaka mingi sifa ya kula watu, na wasafiri wa Kizungu wakaichukua sifa hiyo pwani na kuipeleka Ulaya kabla hata ya kutuona. Kwa hiyo kwenye ile njia uliyoichora, kutoka Bagamoyo hadi Göttingen hadi London hadi Dar es Salaam, naomba urudi nyuma hatua moja. Njia haikuanzia Bagamoyo.

Mleta uzi

Ndugu yangu, nimekuelewa, na salamu yangu naibadilisha. Sina utetezi. Nilimtazama Mtoro akitazamwa, nikasahau kumtazama akitazama. Katika uhusiano na Velten yeye ni msaidizi, katika uhusiano na Udoe yeye ni mgeni mwenye kalamu, na nafasi zote mbili zimo katika sentensi zilezile. Kama una lolote ulilosikia kwa bibi kuhusu watu wa pwani wa enzi hizo, tafadhali liweke hapa.

Mjukuu wa Miono

Nilikwenda Jumamosi. Nilimsomea kurasa za Udoe polepole, kwa sababu Kiswahili kile cha zamani kina maneno ambayo ilibidi nimrudie mara mbili, ingawa mengine aliyajua yeye na mimi sikuyajua. Alisikiliza huku akichambua mchicha. Nilipofika penye habari za mila za wakubwa wa Kidoe aliguna, akasema hapo kadanganywa, tena kadanganywa makusudi, maana mgeni akiuliza sana wazee huwa wanampa ya kumshibisha.

Kisha akaniuliza, "Na yale sisi tuliyokuwa tukiyasema juu yao, aliyaandika?"

Nikamwambia hapana. Akasukuma ungo kando, akajifuta mikono kwa khanga, akaniambia niwashe simu nirekodi. Ninazo dakika arobaini na saba, nusu yake kwa Kidoe. Nipeni wiki mbili niziandike vizuri, na nitaanzisha uzi wake kwa jina lake bibi.